Kabla ya kuwaita watu wakaidi

Mwaka 2014, Ebola ilipokuwa ikisambaa Guinea, Liberia na Sierra Leone, maelekezo ya kitabibu hayakuwa na utata. Maiti ya aliyekufa kwa ugonjwa huo inaambukiza sana, kwa hiyo isioshwe, isiguswe, izikwe upesi na timu maalumu. Timu zikaingia vijijini zikiwa zimevaa mavazi ya kujikinga kutoka utosini hadi nyayoni, zikachukua maiti na kuondoka. Si mara moja ndugu walibaki bila kujua hata kaburi liko wapi. Matokeo yake wagonjwa wakaanza kufichwa, watu wakazika usiku, na baadhi ya timu za afya zikashambuliwa. Maelezo yaliyokuwa karibu mdomoni mwa wengi yalikuwa haya: watu hawa wameshikilia mila, waelimishwe zaidi.

Wanaanthropolojia, yaani watafiti wa maisha na mila za watu, waliokuwa wakifanya kazi katika nchi hizo waliuliza swali la namna nyingine. Binti anayemwosha mama yake, huku ameshasikia redioni kwamba anaweza kufa kwa kufanya hivyo, anaogopa nini kinachozidi kifo? Katika jamii nyingi za ukanda ule mazishi ndiyo yanayomvusha marehemu kwenda kwa wahenga wake, na ni hapo pia ambapo koo hukaa kumaliza madeni, mirathi na mambo ya ndoa yaliyobaki. Kuifukia maiti kimyakimya ni kuwaachia walio hai mzigo ambao hautatuliki tena. Ukilijua hilo, ukaidi unaanza kuonekana kama wajibu.

Kuna kisa cha huko Guinea, sehemu ya misitu, ambacho huwa nakirudia darasani. Mwanamke mjamzito alifariki kwa Ebola. Kwa Wakisi, jamii ya eneo hilo, mjamzito hazikwi na mtoto akiwa tumboni, kwani jambo hilo huleta balaa kwa jamii nzima. Kwa madaktari, kuipasua maiti ile ilikuwa ni kutafuta vifo vingine. Julienne Anoko, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani (WHO), hakumtangaza mshindi. Alitafuta kwa wazee kama mila yenyewe ilikuwa na njia ya kutokea. Ikapatikana: ibada ya kufidia, inayofanywa pale kanuni inapokuwa imevunjwa. Ibada ikafanyika, maiti haikupasuliwa.

Novemba 2014 WHO ilitoa mwongozo mpya wa maziko salama na yenye heshima, ulioandaliwa pamoja na Shirikisho la Vyama vya Msalaba Mwekundu na taasisi za dini. Familia ikapewa nafasi ya kushiriki, na kwa marehemu Mwislamu ikaruhusiwa tayamamu, yaani kutwaharishwa kwa udongo au mchanga safi, badala ya kuoshwa kwa maji. Virusi vilikuwa vilevile. Kilichobadilika ni namna ya kuzungumza na wafiwa.

Watu bado hudhani kazi yetu wanaanthropolojia ni kufukua mifupa. Hao ni jirani zetu wa akiolojia, na tunawaheshimu. Sisi kazi yetu kubwa ni kukaa. Tangu mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski alipopiga hema katika visiwa vya Trobriand, katika Bahari ya Pasifiki, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, desturi ya fani hii ni kuishi na watu muda mrefu, kujifunza lugha yao na kufanya nao shughuli zao za kila siku. Dodoso lina faida zake, lakini hukusanya yale watu wanayosema kuwa wanafanya. Ukikaa vya kutosha unayaona na wanayofanya, na tofauti kati ya hayo mawili ndipo utafiti unapoanza kunoga.

Hilo halihitaji kijiji cha mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwanaanthropolojia Lucy Suchman alikuwa katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko California. Wateja walilalamika kwamba mashine mpya ya kudurufu ni ngumu, ingawa tangazo lilionyesha kwamba kazi yote ni kubonyeza kitufe cha kijani. Suchman akawarekodi kwa video wanasayansi wawili wa kompyuta, mmoja wao Allen Newell, miongoni mwa waasisi wa taaluma ya akili mnemba, wakihangaika kutoa nakala za pande mbili. Baada ya mkanda ule, kusema kwamba watumiaji ni wazito wa kuelewa kukawa kugumu kidogo. Mashine ilitengenezwa kana kwamba binadamu hupanga hatua zote kwanza ndipo atende, wakati kwa kweli wengi wetu hutenda huku tukijirekebisha njiani.

Kwa muda mrefu fani ilielekeza macho kwa wanyonge tu. Mwanaanthropolojia Laura Nader, katika makala iliyochapishwa mwaka 1972, aliwataka wenzake wawachunguze pia wenye madaraka na fedha. Karen Ho alilifanya hilo Wall Street, kitovu cha mabenki huko New York. Katika kitabu chake cha 2009 anaeleza jinsi wafanyakazi wa benki za uwekezaji, waliozoea kuajiriwa na kufukuzwa kwa ghafla, walivyoona kupunguza watu katika kampuni nyingine kuwa jambo la kawaida, hata la kusifiwa. Hizo nazo ni mila, ila wenyewe huziita soko.

Ukaribu huu una hatari yake. Anayeaminiwa hadi kukaa jikoni mwa watu anaweza pia kuwauza. Desemba 1919 Franz Boas, mmoja wa waasisi wa fani hii Marekani, aliandika gazetini kwamba wanaanthropolojia wanne walitumia utafiti kama kificho cha upelelezi Amerika ya Kati. Chama cha Wanaanthropolojia cha Marekani kilimkaripia yeye, si wapelelezi, na uamuzi huo haukutenguliwa hadi mwaka 2005. Jeshi la Marekani lilipoanza kupeleka wanaanthropolojia Iraki na Afghanistan, chama hichohicho kiliupinga mpango huo mwaka 2007. Binafsi naona kilichelewa miaka themanini na minane.

Kwa hiyo mtafiti akija kwako na daftari lake, una haki ya kumuuliza nani anamlipa, maandishi yatahifadhiwa wapi, jina lako litafichwaje, na utayaona lini aliyoandika. Unaweza kukubali leo ukajitoa kesho bila kutoa sababu. Akikunja uso kwa maswali hayo, usimkaribishe.