Je, wajua kwa nini donge kubwa la dhahabu kuliko yote lilikatwa vipande kabla ya kupimwa?

Sababu ni ndogo hadi inachekesha: mzani haukulitosha.

Tarehe 5 Februari 1869, John Deason, mchimbaji aliyetoka Cornwall, Uingereza, alikuwa akichimbua udongo kwenye mizizi ya mti huko Moliagul, kijiji cha jimbo la Victoria, Australia, ambako watu walimiminika kusaka dhahabu miaka ya 1850. Sururu ikagonga kitu kigumu. Alidhani ni jiwe. Kumbe ni dhahabu, tena iko sentimita chache tu chini ya ardhi, mahali ambapo wengi walishapita wakitafuta hicho hicho!

Deason na mwenzake, Richard Oates, hawakupiga kelele. Walilipeleka donge kibandani wakalitia motoni. Si wazimu huo. Dhahabu ilikuwa imeshikamana na kwatzi, lile jiwe jeupe ambalo wachimbaji wa kila mahali wanalijua, na kwatzi ikipata moto mkali hupasuka, ikawa rahisi kuibandua. Dhahabu yenyewe haidhuriki.

Kisha safari ya kwenda benki, mjini Dunolly, mwendo wa kama kilomita 15. Mzani wa huko ulizoea dhahabu ya vumbi na vijipande vya kutia mfukoni. Hili lilikuwa na urefu wa sentimita 61 na upana wa 31. Basi akaitwa mhunzi, akalilaza juu ya fuawe na kulikata. Vipande vilipopimwa, dhahabu safi ilifika takriban kilo 71, uzito wa mtu mzima. Wenyewe wakalipwa zaidi ya pauni 9,000, mali nyingi sana kwa wakati ule.

Kilichoniuma mimi ni kwamba hakuna aliyekumbuka kulipiga picha. Vipande viliyeyushwa vikawa matofali, na dhahabu ikasafirishwa kwenda Uingereza. Donge lilipewa jina Welcome Stranger, yaani "Karibu Mgeni", lakini mgeni mwenyewe hakukaa siku nyingi. Sura yake ilichorwa baadaye kwa kumbukumbu za waliomwona, na mifano inayoonyeshwa kwenye makumbusho leo imefuata michoro hiyo.

Moliagul yenyewe sasa ina nyumba chache tu, na mnara wa mawe uliosimamishwa 1897 pale donge lilipotolewa. Fuawe iko Dunolly, kwenye makumbusho.