Eti sanaa ya asili haikosolewi? Nani kawaambia?

Wiki haipiti bila mtu kuniambia "mwalimu, hii ni sanaa ya asili, ukiikosoa unaiharibu". Anasema mzazi aliyemleta mtoto ajifunze kuchora, anasema mteja, na kinachoniuma zaidi wanasema wachoraji wenyewe, hawa vijana wa hapa Dodoma wanaochora kwa staili ya michoro ya miambani ya Kondoa. Nimechoka, leo naandika.

Tuanze na mwamba wenyewe. Nenda Kolo, kijiji cha huko Kondoa, ni barabara hiyohiyo ya kwenda Babati, panda mpaka Mongomi kwenye miamba yenye michoro, uangalie kwa utulivu. Utaona watu wembamba kama fito, wekundu, vichwa vimechorwa kwa mistari mistari, kuna twiga, kuna pofu, yule swala mkubwa. Afu kuna michoro myeupe, minene, ya mkono mwingine kabisa, na pengine imepita juu ya ile myekundu. Myekundu inahusishwa na wawindaji, Wasandawe na waliowatangulia, myeupe ni ya wakulima waliokuja baadae sana. Sasa huo uasili mnaosema usiguswe ni upi hapo? UNESCO walipouingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006 waliingiza yote, hawakuchambua kwamba hii ya kwanza ndo halali. (Kutogusa ni kwa mwamba wenyewe, na tafadhali usiumwagie maji ili rangi ing'ae kwenye simu yako.)

Au chukua michoro ya Tingatinga. Mzee Edward Saidi Tingatinga alianza Dar mwishoni mwa miaka ya 60, rangi za kung'aa kwenye hadibodi, mara nyingi mnyama mmoja katikati na nyuma hakuna kitu. Akafariki 1972. Waliofuata wakaongeza vijiji, masoko, hospitali, mashetani, mchoro ukajaa mpaka pembeni, na bado mtu akiuona anasema hiyo Tingatinga.

Kuna dogo darasani kwangu alichora watu watatu wa Kolo, nyuma akaweka jua linazama na mbuyu, si unajua tena watalii. Wenzie wote "kali sana kaka". Hayo sio maoni, hayo ni salamu. Akaja bibi mmoja mwenyeji wa Kondoa kumchukua mjukuu wake, akautazama akauliza, "Hawa wanaenda wapi, mbona wamesimama tu?" Dogo akanuna. Tukafungua picha za Kolo tukakuta kweli, kule wapo walioinama, migongo imepinda, mwili una safari. Basi jua likafutwa, mbuyu ukaondoka, migongo ikapinda, rangi zikabaki mbili, na mchoro ukafanana na Kondoa kuliko ulivyokuwa kabla ya kukosolewa.

Kwa hiyo hata ile ya "asiyechora asiongee" naomba tuizike. Bibi hajawahi kushika brashi. Mchoraji anajua namna ya kurekebisha, ila kuona kwamba kuna kitu hakijakaa, hiyo yeyote mwenye macho anaweza.

Kuna na ile ya "mteja ndo anajua". Anajua anachotaka ukutani kwake. Akisema weka simba, hiyo ni oda, ifanye ulipwe, usije darasani kuniambia umepewa maoni.

Wengine wanasema "bila ngeu, ule udongo mwekundu wa kuchimba, sio asili". Rangi nyekundu ya zamani ndio, ni madini ya chuma, lakini ukiisaga ukaipaka kwenye turubai la kuchorea bila kitu cha kuishikiza itapukutika tu. Nunua rangi ya akriliki uichanganye mpaka ifikie ule wekundu, maisha yaendelee.

Na "maoni yanavunja moyo". Yanavunja ukiyatoa kazi ikishakauka na fremu imeshawekwa, hapo hata mimi ningenuna. Toa ikiwa bado penseli. Sema unaona nini, wapi, na kinakufanya ufikirie nini, "mkono huu wa kushoto unanipeleka nje ya picha" inatosha, usimwambie "haivutii" ukaondoka. Na wewe mchoraji, kabla hujaniletea, geuza mchoro kichwa chini, upige picha kwa simu, toa rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Kama watu wako wamepotelea kwenye mandhari ya nyuma, rudi kapunguze mandhari kwanza, ndo uje tuongee.