Mkate mmoja, kuanzia sakristia

Pwani kila mtu anaijua adabu ya sinia. Wali umepakuliwa, watu wanne au watano wameketi, kila mmoja anakula mbele yake, na mnofu mnono hauvutwi upande wako kabla wenzio hawajagusa. Wakorinto walikosa adabu hiyo, na Paulo akawakemea: wenye nacho walitangulia kula chakula chao, huyu akabaki na njaa, yule akalewa (1 Kor 11:21). Sura moja kabla alikuwa ameshawaambia kwamba mkate ukiwa mmoja, sisi tulio wengi tu mwili mmoja. Kwa hiyo hapa Bagamoyo mafundisho ya Komunyo ya Kwanza siyaanzishi na neno "mageuzo", yaani mkate na divai kugeuka Mwili na Damu ya Kristo. Naanza na sinia, mageuzo yatafuata.

Sisi Wakatoliki tunasema Komunyo, na kuipokea ni kukomunika. Waanglikana husema Ushirika Mtakatifu, Walutheri Chakula cha Bwana, walokole Meza ya Bwana. Mafundisho yanatofautiana, lakini "ushirika" ndilo neno la Biblia yetu ya Kiswahili. Mzizi wake wa Kiarabu ndio uliozaa "shirki", yaani kumshirikisha Mungu na kitu kingine, kwa hiyo jirani Mwislamu akishtuka kulisikia ana sababu, mweleze taratibu.

Maana hiyo hulindwa, au huharibiwa, na mambo madogo ya sakristia, chumba cha kuandalia vitu vya Misa. Hostia, mkate mwembamba wa Komunyo, ni unga wa ngano na maji, basi. Chumvi, sukari wala hamira havina nafasi, na unga wa muhogo au mahindi haufai hata kidogo, kwa sababu Kanisa linafuata mkate wa karamu ya mwisho. Asiyevumilia ngano anaweza kupewa hostia yenye gluteni kidogo sana, ila isiyo na gluteni kabisa haikubaliki. Mwenye shida hiyo amwone paroko mapema, maana anaweza pia kupokea Damu ya Kristo peke yake, kutoka kikombeni.

Adui wa hostia huku kwetu ni unyevu wa bahari. Chukua moja ambayo haijawekwa wakfu, ivunje karibu na sikio: ikilia "ka!" ni nzima, ikipinda kama ngozi, imeshavuta maji na ukungu uko njiani. Tumia chombo chenye mfuniko wa kukaza, kisiguse ukuta, na nunua kidogo kidogo hata kama katoni kubwa ina nafuu. Zilizo ndani ya tabernakulo, kisanduku cha kutunzia hostia zilizowekwa wakfu, zibadilishwe kila wiki mbili. Wakati wa masika mimi nasema kila wiki. Hili si suala la usafi tu. Tunaamini Kristo yumo maadamu maumbo ya mkate yapo. Ukiacha hostia zioze, umeacha alama yenyewe ipotee.

Divai iwe ya zabibu halisi, isiyochanganywa na kitu kigeni. Divai ya rozela, ya ndizi au ya nanasi inayotengenezwa mitaani yaweza kuwa tamu, lakini haifai altareni. Hata chupa ya zabibu kutoka dukani isichukuliwe kwa kusoma lebo tu. Tumia ile iliyoidhinishwa na jimbo. Chupa ikishafunguliwa, hewa na joto huigeuza siki, na siki si divai tena. Iweke kwenye friji, nunua chupa ndogo.

Wanaopenda divai nyeupe, kwa kuwa haichafui vitambaa, wajue hatari yake: katika vichupa viwili vya kioo, divai na maji hufanana. Weka alama kwenye cha maji, na unuse kabla ya Misa. Padre akigundua baada ya mageuzo kwamba kikombeni kulikuwa na maji, huyamimina kwenye chombo kingine, hutia divai na tone la maji, kisha husema maneno ya kikombe tu. Mkate haurudiwi.

Jambo linaloniudhi zaidi ni la hesabu. Parokia nyingi hujaza siborio, chombo cha hostia, mara moja, kisha wiki tatu watu wanalishwa kutoka tabernakulo. Inaruhusiwa, lakini Mwongozo wa Misa unahimiza waamini wapokee kile kilichotolewa katika Misa ileile, kama padre anavyolazimika kufanya mwenyewe. Huwezi kuwaambia watu "sadaka yangu na yenu" halafu ukawapakulia kiporo. Dawa yake ni kuhesabu. Uliweka 200, zikabaki 46, basi waliokomunika ni 154. Jumapili ijayo weka 160. Tabernakulo ni ya wagonjwa na ya kuabudu. Agiza pia hostia kubwa, ile ya kama sentimita 15, ivunjwe vipande 20 na zaidi wakati wa "Mwanakondoo wa Mungu". Siku hizi kupeana amani huwa kurefu mno hata kuumega mkate hakuonekani, ilhali Wakristo wa kwanza waliiita ibada nzima kwa jina hilo.

Anayepokea mkononi aweke kiganja cha kushoto juu ya cha kulia. Watoto wa Pwani huuliza mara moja kwa nini mkono wa kushoto, na swali lao ni zuri: wa kushoto unabeba ili wa kulia, mkono wa kulia chakula, ubaki huru kulisha. Sema "Amina" ya kusikika, ule hapohapo mbele ya mhudumu, usitembee nayo. Usiidake kwa ncha za vidole, ndivyo inavyoanguka. Ikianguka, iokotwe kwa heshima na kuliwa, au iwekwe kwenye maji mpaka iyeyuke, kisha maji hayo yamwagwe kwenye sakrario, sinki la sakristia linalopeleka maji moja kwa moja ardhini. Kufunga ni saa moja kabla ya kukomunika. Maji na dawa havivunji. Wazee, wagonjwa na wanaowauguza wamesamehewa.

Huku kwenye ndoa nyingi za Mkristo na Mwislamu, wako wanaokaa benchi miaka wakidhani wamefungiwa. Ndoa iliyofungwa kwa ruhusa ya Askofu ni halali, na mhusika anakomunika kama wengine. Kama ruhusa haikuombwa, nenda kwa paroko. Mara nyingi njia ya kuirekebisha ipo.

Mgonjwa anayepelekewa Komunyo nyumbani aandaliwe meza ndogo, kitambaa cheupe, mshumaa na glasi ya maji. Kama kumeza ni shida, kipande kidogo kama punje ya mchele, pamoja na maji ya kijiko, kinatosha. Katika kila chembe Kristo ni mzima. Shida ya mhudumu ni njiani. Huku huwezi kupita baraza bila salamu, na salamu ina mlolongo wake. Itume familia iwaarifu majirani mapema. Ukipita, salamu fupi na mkono kifuani juu ya piksi, kile kikasha cha kubebea hostia, watakuelewa. Kahawa watakuwekea, utainywa ukirudi.