Paa la Ploti Likivuja, Nani Alipie Mabati?

Mvua za masika zikishika Kisumu, sisi mawakili wa msaada wa kisheria huwa tunajua malalamiko yatakayoletwa. Mpangaji wa Manyatta au Nyalenda anafungua simu na kutuonyesha ujumbe wa keateka, yaani msimamizi wa ploti (jengo la vyumba vya kupanga): kuanzia mwezi huu kila chumba kitoe shilingi 800 juu ya kodi, kwa kuwa mabati yameoza na bomba la maji machafu limepasuka. Wengi hulipa siku hiyohiyo wakihofia kufungiwa mlango.

Kabla ya kulipa, uliza pesa hizo zinadaiwa kwa makubaliano gani. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 kinasema kwamba anayekodisha sehemu tu ya jengo ana wajibu wa kutunza paa, kuta kuu za nje, mifereji mikuu na sehemu zinazotumiwa na wote, kama vile korido. Chumba kimoja kwenye ploti ya vyumba kumi ni sehemu ya jengo. Kwa hiyo mabati ni mzigo wa mwenye nyumba, na kodi unayolipa kila mwezi ndiyo anayopaswa kuitumia kuyabadilisha.

Lakini sheria hiyo inaacha nafasi kwa mkataba kusema vingine, na hapo ndipo watu wetu huumia. Nimesoma mikataba ya kurasa mbili ambayo mstari mmoja, katikati kabisa, unamtwika mpangaji "matengenezo yote". Ukiuona mstari huo kabla ya kuhamia, omba ufutwe au uandikwe upya utaje vitu vya ndani pekee. Ukishatia sahihi, kazi ya kuupinga inakuwa ngumu zaidi.

Kitasa ulichovunja au kioo kilichopigwa mpira na mwanao, hicho ni chako, kilipe. Rangi iliyofifia baada ya miaka mitatu ni uchakavu wa kawaida, na sheria haikulazimishi kuurekebisha unapohama. Diposi nyingi huliwa kwa kisingizio hiki, basi piga picha za kuta, sinki na dari siku unayoingia na siku unayotoka.

Kuna kosa moja ambalo nawasihi wapangaji wasilifanye: kuzuia kodi yote kwa hasira. Ukiwa na deni la kodi, Sura ya 293, sheria ya kukamata mali kwa deni la kodi, inamruhusu mwenye nyumba kutuma dalali mwenye leseni akamate mali yako, na ubishi wa mabati hautamzuia kubeba televisheni. Lipa kodi kamili kwa tarehe yake. Hiyo pesa ya ripea, yaani matengenezo, ikatae kwa maandishi, hata kwa ujumbe mfupi wa heshima: "Kodi nimetuma. Naomba kuonyeshwa kipengele cha mkataba kinachonitaka nilipie paa." Ukilazimika kuilipa, itume peke yake ili isichanganyike na kodi, na uhifadhi ujumbe wa M-Pesa.

Mwenye duka au kibanda cha chakula ana ulinzi zaidi. Kama hana mkataba wa maandishi, au anao lakini hauzidi miaka mitano, Sura ya 301, sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na sehemu za chakula, inamtaka mwenye jengo atoe notisi rasmi ya angalau miezi miwili kabla ya kubadilisha masharti, na mpangaji anaweza kuipinga mbele ya Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara. Kwa nyumba za kuishi lipo Baraza la Kudhibiti Kodi, ila linahusu zile za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho ni cha zamani mno, na kinawaacha nje wapangaji wengi wa Kondele hapa Kisumu au Kaptembwo kule Nakuru.

Hao walioachwa nje, kama tayari wametozwa pesa zisizo halali, wanaweza kuzidai katika Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na kutakiwa kuamua ndani ya siku 60. Si lazima uwe na wakili. Nenda na mkataba, kama upo, jumbe za keateka na zile za M-Pesa, ukizipanga kwa tarehe.