Nakala tatu raki moja, hesabu moja

Wiki hii nimeulizwa tena: "Data ina nakala tatu, ya nini kuhangaika na raki?" (Raki ni kabati la chuma linalobeba seva.) Nimechoka kulijibu swali hili kwa mdomo.

Nakala tatu kwenye seva tatu zinakukinga diski ikifa au seva ikifa. Basi. Seva hizo zikikaa raki moja, zinanyonya umeme wa njia moja na kupitia swichi moja ya mtandao. Swichi ikizimika, nakala zote tatu hazifikiki kwa mpigo.

HDFS, mfumo wa kuhifadhi data kwenye seva nyingi, ikiachwa na utaratibu wake wa kawaida, huweka nakala ya kwanza kwenye nodi (seva) inayoandika, ya pili kwenye raki nyingine, na ya tatu kwenye raki hiyohiyo ya pili, nodi tofauti. Raki mbili tu, ili data isivuke kati ya raki zaidi ya mara moja wakati wa kuandika. Naukubali ubahili huo.

Kinachoniudhi ni hiki: HDFS haizijui raki zako mpaka uiambie. Usipoipa skripti ya topolojia (programu fupi inayoitajia kila nodi iko raki gani), nodi zote inaziandika /default-rack, kana kwamba ziko raki moja, na kuendelea na kazi. Hakuna kosa litakaloonekana. Ripoti itasema kila bloku (kipande cha faili) ina nakala tatu, na ni kweli, ila zinaweza kuwa zimerundikana mahali pamoja. Hifadhidata ya Cassandra ukiiweka kwenye SimpleStrategy, njia yake rahisi ya kupanga nakala, haiangalii raki hata kidogo. Ceph, mfumo mwingine wa hifadhi, kwa kawaida hutenganisha nakala kwa hosti (seva) tu. Raki uitaje mwenyewe.

Na hata ukizitaja, jina la raki ni maandishi tu. Niliwahi kukuta raki mbili zenye majina tofauti zikilishwa na UPS moja (kifaa cha umeme wa akiba). Skripti ilikuwa sahihi kabisa. Tangu hapo sijathubutu kumwambia mtu kwamba klasta yangu (kundi la seva zinazofanya kazi pamoja) iko salama moja kwa moja, maana ramani ya umeme huchorwa siku ya ufunguzi na nyaya huhamishwa kila mwaka.

Jengo nalo ni eneo moja la hatari, kama raki. Tarehe 10 Machi 2021, huko Strasbourg, Ufaransa, moto uliteketeza jengo la SBG2 la OVHcloud, kampuni ya kukodisha seva, na kuunguza sehemu ya SBG1 lililo jirani. Wapo wateja waliopoteza data pamoja na nakala rudufu, kwa sababu vyote vilikuwa palepale.

Nikikabidhiwa klasta siku hizi, naanza na amri ya hdfs dfsadmin -printTopology, inayoonyesha kila nodi imeandikwa raki gani. Kisha naingia chumba cha seva na kufuata waya wa umeme wa kila raki, kwa mkono, hadi unapoishia.