Kula Nje na Kusafiri Ukiwa Kwenye Mpango wa Kupunguza Uzito: Dhana Potofu na Ukweli

Kwa kawaida mpango wa kupunguza uzito hauvunjikii nyumbani. Nyumbani mtu anakijua kijiko chake, sufuria yake na kiasi cha mafuta anachomimina. Unavunjikia kwenye meza za watu wengine: mgahawani, hotelini, kituo cha mabasi, ndani ya ndege. Watu husema ni ulafi au kukosa msimamo. Mara nyingi sivyo. Wengi wanaoteleza huko msimamo wanao, ila hesabu waliyoishika haikuwa sahihi. Kalori zinazotajwa hapa ni zile zinazoandikwa kwenye paketi za vyakula, yaani kilokalori.

Dhana: Nikiagiza saladi, samaki au kuku wa kuchoma, siwezi kukosea

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu moja ya wanga au protini ina kalori 4. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia (mililita 15) kina kalori 120 hivi, na mafuta ya zeituni hayana nafuu yoyote katika hilo. Ni mazuri kwa moyo, lakini kalori zake ni zilezile.

Mpishi wa mgahawa hapimi mafuta, wala hana sababu ya kuyapima. Mafuta ndiyo yanayozuia chakula kushika kikaango, ndiyo yanayofanya mboga zing'ae, ndiyo yanayobeba harufu ya kitunguu saumu hadi mezani. Chukua mnofu wa samaki mweupe wa gramu 150. Ukichomwa mkavu una kalori 150 hivi. Mnofu uleule ukinyonya vijiko viwili vya mafuta jikoni, unafika karibu 390. Ukiutazama kwenye sahani huoni tofauti, isipokuwa ule mng'ao pembezoni na duara dogo la mafuta linalobaki chini baada ya kumaliza kula.

Saladi nayo ina mtego wake. Bakuli zima la majani, nyanya na matango mara nyingi halifiki kalori 80. Sosi ya mayonezi au ya mafuta inayomwagwa juu, tuseme mililita 60, huongeza 250 hadi 300. Jibini gramu 30 ni 120 nyingine. Kabla hujaweka kuku, saladi imeshaufikia mlo kamili.

Unachoweza kufanya ni kumwambia mhudumu maneno mafupi na mahususi: "Sosi niletee pembeni." "Samaki asipakwe siagi." "Badala ya viazi vya kukaanga niwekee vya kuchemsha." Ombi hilo la mwisho lina uzito wake, kwani gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina kalori karibu 87, na zilizokaangwa hufika 310 hivi. Ombi la jumla kama "nipikie chakula chepesi" halisaidii, kwa sababu kila mpishi ana tafsiri yake ya wepesi. Sosi ikija pembeni, chota kijiko kimoja, changanya majani vizuri, onja, ndipo uamue kama unahitaji cha pili.

Dhana: Nikiruka chakula cha mchana, nitakuwa na nafasi usiku

Kwenye karatasi hesabu hiyo inakubali. Tatizo ni kwamba anayeketi mezani usiku ni mtu aliyekaa na njaa kwa muda wa saa tisa, na kitu cha kwanza kuletwa ni kikapu cha mkate na siagi. Taarifa za shibe huchukua takriban dakika 20 kufika kichwani, na ndani ya dakika hizo mkate umeshakwisha kabla hata ya oda kuchukuliwa. Alichookoa mchana kinarudi, na mara nyingi kinarudi na ziada.

Njia inayofanya kazi ni kula mchana kidogo lakini kwa kushiba: kalori 300 hadi 400, zenye protini gramu 25 hadi 30 na mboga za kutosha. Ukijua chakula cha jioni kitachelewa, kula mayai mawili ya kuchemsha (kalori 150 hivi) au kikombe cha mtindi usio na sukari saa moja kabla ya kutoka.

Kwa anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari kama glibenklamidi, kuruka mlo ni jambo la hatari. Sukari inaweza kushuka ghafla akiwa njiani. Huyo azungumze na daktari wake kabla ya kubadili ratiba ya kula.

Dhana: Vinywaji si chakula

Soda ya mililita 330 ina kalori karibu 140, zote zikitokana na sukari gramu 35, yaani vijiko vya chai vinane hadi tisa. Juisi halisi ya machungwa haiko mbali: glasi ya mililita 250 ni kalori 110 hivi, na nyuzinyuzi ambazo zingekushibisha zimebaki kwenye kichujio. Bia ya mililita 330 ni karibu 150, glasi ya divai ya mililita 150 ni karibu 120. Pombe yenyewe ina kalori 7 kwa gramu, na ina tabia nyingine mbaya zaidi: inalegeza uamuzi. Anayekunywa glasi tatu ndiye anayeagiza sahani ya viazi vya kukaanga usiku wa manane.

Anza na glasi ya maji kabla ya kinywaji kingine chochote. Kiu ikikatwa na maji, glasi moja ya kinywaji unachokipenda hutosha.

Dhana: Kalori zilizoandikwa kwenye menyu ni kamili

Marekani ilianza mwaka 2018 kuzilazimisha kampuni za migahawa zenye matawi 20 au zaidi kuandika kalori kwenye menyu, na England ikafuata mwaka 2022 kwa kampuni zenye wafanyakazi 250 au zaidi. Ni msaada mkubwa. Lakini namba hizo huhesabiwa kwa mapishi ya kiwango maalumu, na mkono wa mpishi si mashine. Zitumie kulinganisha sahani na sahani, na ukitaka kuwa salama ongeza kijiko kimoja cha mafuta kwenye hesabu yako. Sosi ya ziada na mkate wa pembeni huenda havimo kabisa.

Dhana: Bafe ya asubuhi nimeshailipia, lazima niifaidi

Pesa imeshatoka. Kula zaidi hakuirudishi.

Bafe inamshinda mtu anayeanza kupakua kwenye kitu cha kwanza anachokiona, na mwanzoni mwa meza mara nyingi hupangwa mikate, keki na nafaka zenye sukari. Zunguka meza yote mara moja ukiwa mikono mitupu. Kisha chukua sahani moja: nusu iwe matunda na mboga, robo mayai au protini nyingine, robo mkate au wanga mwingine. Mayai ya kuchemsha ni afadhali kuliko yanayopikwa mbele yako kwa mafuta, maana pale kwenye kikaango mpishi humimina upya kwa kila mteja. Keti mbali na meza ya chakula. Ukitaka kuongeza, kunywa kwanza kahawa au chai yako yote.

Dhana: Nikibeba chakula changu, safari nimeimaliza

Kubeba chakula ni wazo zuri sana, lakini kuna mambo matatu yanayoliharibu.

La kwanza ni kiasi. Karanga zinasafiri vizuri, haziozi, zinashibisha. Konzi moja ya gramu 30 ina kalori 170 hivi. Pakiti ya gramu 200 ikikaa mapajani kwa saa nne za basi, mkono unaingia wenyewe, na mwisho wa safari ni kalori zaidi ya 1,100. Zigawe nyumbani kwenye vifuko vya gramu 30, kisha weka kimoja mfukoni na vingine ndani kabisa ya begi, mahali usipofikia ukiwa umekaa.

La pili ni usalama. Chakula kilichopikwa, yakiwemo mayai ya kuchemsha, hakipaswi kukaa zaidi ya saa mbili bila ubaridi, na joto likizidi nyuzi 32 ni saa moja tu. Bila mfuko wa barafu, beba vitu vikavu na matunda mazima, kuku aachwe.

La tatu ni sheria za njiani. Viwanja vingi vya ndege haviruhusu kupita na kimiminika kinachozidi mililita 100 kwa chombo, na mtindi pamoja na siagi ya karanga huhesabiwa humo. Nchi nyingi pia hukataza kuingia na matunda mabichi au nyama, kwa hiyo tufaha lako limalize kabla ya kufika kwa maofisa. Insulini na sindano za kupunguza uzito kama semaglutidi zikae kwenye begi la mkononi daima. Kwenye sehemu ya mizigo zinaweza kuganda, na dawa hizo zikishaganda hazifai tena.

Dhana: Nitatembea sana, kwa hiyo naweza kula chochote

Mtu wa kilo 70 hutumia takriban kalori 50 kwa kila kilometa anayotembea. Kilometa tano ni 250. Kipande cha keki cha gramu 100 mara nyingi hufika 350 au zaidi. Tembea, tena sana, kwa faida ya miguu iliyokaa garini na kwa sukari ya damu baada ya kula. Kulipia keki ni kazi ambayo miguu haiiwezi.

Dhana: Hata safarini lazima niendelee kupungua

Kwa safari ya siku tatu nne, kubaki na uzito uleule ni matokeo mazuri kabisa. Anayelazimisha upungufu mkubwa akiwa ugenini, huku hajalala vizuri na njaa imemzidi kwa sababu hiyo, ndiye anayefumuka siku ya pili. Shikilia mambo mawili tu: protini kwenye kila mlo (kipande cha kuku kilichopikwa kinachotoshana na kiganja, karibu gramu 100, kina protini gramu 30 hivi) na mboga mara mbili kwa siku. Anayesafiri kila wiki kikazi hawezi kutumia ruhusa hii. Kwake safari ndiyo maisha ya kawaida, na mpango wake upangwe kuanzia huko.

Dhana: Nimeteleza mlo mmoja, basi nitaanza upya Jumatatu

Tuseme mwili wako unahitaji kalori 2,000 kwa siku na mpango wako ni 1,500. Kwa wiki unapunguza 3,500. Alhamisi ukala nje, siku ikafika 2,500. Umepoteza 1,000 kati ya zile 3,500, na bado 2,500 ziko upande wako. Lakini ukisema "nimeshaharibu" na kula 2,500 kila siku hadi Jumapili, zile siku tatu za mwanzo zilizokuokolea 1,500 zinamezwa na 2,000 za siku nne, na wiki inaisha kwa ziada ya 500. Mlo wa Alhamisi ulichukua sehemu ndogo. Iliyobaki ilichukuliwa na kungoja Jumatatu.

Dhana: Nimerudi na kilo mbili zaidi, basi nimenenepa kilo mbili

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni takriban kalori 7,700. Ili uongeze kilo mbili za mafuta, ungepaswa kula kalori 15,400 juu ya mahitaji yako, yaani karibu chakula cha siku nane kikiongezwa juu ya milo ya kawaida. Mwisho wa wiki mmoja hautoshi kwa hilo.

Kilichopanda ni maji kwa sehemu kubwa. Chumvi ya chakula cha mgahawa huyashikilia. Wanga ukijaa tena kwenye misuli na ini kama glaikojeni, kila gramu hukaa na maji takriban gramu 3, kwa hiyo gramu 300 zinaleta kilo 1.2 kwenye mizani bila tone la mafuta. Kukaa kwa saa nyingi huteremsha maji miguuni: vua soksi uone alama ya mpira juu ya kifundo. Choo nacho hugoma safarini kwa kukosa maji na nyuzinyuzi. Ila mguu mmoja tu ukivimba, au shavu la mguu likiuma, au pumzi ikikata, usisubiri. Nenda hospitali mara moja, huenda ni damu iliyoganda.

Asiyejua haya huogopa, akashuka hadi kalori 800 kwa siku, na siku ya tatu anakula kila kitu. Rudi kwenye mlo wako wa kawaida siku uliyofika, kunywa maji, ongeza mboga. Usipande mizani hadi asubuhi ya siku ya nne, na tumia mizani ileile ya kabla ya safari, ukiwa umetoka chooni na hujala wala kunywa. Pima hivyo kwa siku saba mfululizo, jumlisha, gawanya kwa saba, kisha ulinganishe na wastani wa wiki ya mwisho kabla hujaondoka.