Kitulo haingoji kiangazi

Hapa Mbeya wengi bado wanaambiana kwamba kupiga kambi katika hifadhi ya Kitulo ni Juni hadi Agosti, mvua zikishakata, kama wanavyokwenda hifadhi ya wanyama ya Ruaha. Kwa Ruaha ni kweli: maji yakipungua, wanyama husogea mtoni. Lakini Kitulo watu hawafuati tembo, wanafuata maua, na maua yanataka mvua. Yanachanua kuanzia Desemba hadi Aprili, na ndani ya miezi hiyo uwanda mzima hubadilika rangi. Kuna zaidi ya aina 40 za okidi peke yake! Ndiyo maana wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, na ndiyo maana mwaka 2005 ikawa hifadhi ya taifa. Ukienda Julai utakuta nyasi kavu, na usiku, kwenye mwinuko wa kama mita 2,600, umande unaganda juu ya hema.

Mvua ina gharama yake, sikatai. Barabara ya kupanda kutoka Chimala kwenda Matamba, ile ya kona 57, huteleza. Panda mchana, kwa gari lenye nguvu. Beba koti la mvua na blanketi zito, hata Januari.